Besi la Baba

Wiki iliyopita mke wa mwanangu alikuwa anasugua masufuria kwa majivu na ndimu. Harufu iliponifikia sebuleni, nikanyanyuka nikatoka nje. Akadhani nimekasirika. Yeye sikumweleza, ninyi nitawaeleza.

Kwetu Suma hiyo ilikuwa harufu ya Jumamosi. Mama alisugua tarumbeta la baba, lile kubwa la besi, hadi unaona meno yako. Baba alilipiga kanisani, ila wakati huo alikuwa vitani Kagera, amekwenda na mgambo. Redio ilisema wanapigana na nduli, ndivyo ilivyomwita mtawala wa Uganda. Msinicheke: nilidhani nduli ni mnyama mla mahindi, kama ngedere, nikashangaa kwa nini baba anacheleweshwa na kitu cha kufukuzwa na mbwa.

Barua zilikoma. Mama akaacha kula, akaacha hata kuchuma chai. Kilichomwinua ni matarumbeta. Kila Jumapili baada ya ibada wapigaji walizunguka nyumba zenye watu vitani, wakipiga nyimbo mbili tatu uani. Siku hizo mama alipika ndizi, akacheka na majirani, akaniambia baba yu njiani. Ila besi alikataa lisiguswe na mdomo wa mtu mwingine mpaka mwenyewe arudi. Basi nyimbo zikawa zinachechemea. Hata mimi, mtoto wa miaka saba, nilisikia pale pa baba pako wazi.

Alhamisi moja Mwalimu wa matarumbeta alikuja na mwenyekiti wa kijiji. Walizungumza na mama jikoni, mimi niko nje nafukuza kuku. Mama akatoka, akalitungua besi ukutani, akampa Mwalimu kwa mikono miwili. Jioni wapigaji wote wakaja, na mzee mmoja wa kijiji cha Nkunga akalipuliza. Jamani, ule wimbo! Nilihisi ua unatetemeka chini ya nyayo zangu. Nikapiga makofi, nikamvuta mama kanga.

“Mama, sasa umetimia!”

“Ndaga, mwanangu,” alinishukuru kwa Kinyakyusa chetu. “Cheza.”

Majirani walikuwa wameketi kwenye nyasi, vichwa chini. Jeneza halikuwepo, maana waliokufa kule walizikwa kule kule, ningejuaje? Wimbo ulipoisha mama akaomba warudie. Wakarudia. Akaomba tena. Mwalimu alikuwa anafuta macho, mimi nacheza peke yangu, nadhani mama kaupenda wimbo. Walipomaliza mara ya tatu ndipo wanawake wakaanza kulia, na shangazi akanishika mkono akaniambia.

Kwa miaka mingi nilimchukia mama kwa hilo, nawaambia kweli. Kuniacha nicheze kwenye msiba wa baba yangu mbele ya kijiji kizima! Nilikuja kumwelewa nilipopata watoto wangu, naye hayupo tena nimwombe radhi. Kila alipowaambia warudie, alikuwa ananiongezea dakika chache za kuwa na baba.