Mlango wa Depo

Jumatatu nilienda sokoni Kamina kutafuta unga wa mahindi, nikakuta mama wauzaji wote wako mkutanoni ndani ya depo, ghala lao la magunia. Nikasimama nyuma ya magunia.

Ugomvi wao naujua. Prezida, mwenyekiti wa chama chao, alitaka mdogo wake awe makamu na ashike ufunguo wa depo. Kila mkutano, mama mmoja mrefu aliinuka kabla ya kura, wenzake wakamfuata nje, na bila wengi kuwapo hakuna kura. Basi prezida alingoja mavuno. Yule mrefu na wenzake walipoenda Kaniama kuvuna, akamteua mdogo wake peke yake.

Sasa walikuwa wamerudi. Kabla mtu hajasema neno, yule mdogo alifungua fundo la kitenge chake, akatoa ufunguo, akauweka mezani.

“Minyi nilikubali juu depo haiwezi kubakia yenye kufungwa,” alisema. “Sasa benyewe banarudia. Mukinipenda, munyanyue mikono. Mukikatala, ufunguo njo huu.”

Mama mrefu akainuka. Prezida akaguna: “Anaanza tena.”

Yule mrefu alitembea mpaka mlangoni, akaufunga, akauegemea kwa mgongo.

“Leo hakuna mwenye kutoka,” alisema. “Tunyanyue mikono.”

Mkono wake ulitangulia. Mdogo alipita kwa kura.

Nilitoka na unga wangu nikitembea kama aliyechaguliwa ni mimi. Wakubwa wetu wa nchi wakibishana tena nani aliteuliwa wakati wabunge wako likizo, na nani alisusia kikao, waje Kamina. Tutawaazima mlango.