Sindano Aliyoiogopa Mwanabibi

Mtaani Majengo, mjini Nyeri, watu wakialikwa harusi huulizana kwanza kama pilau itapikwa na Mwanabibi. Ni mjane wa makamo, mwenye mikono mikubwa na sauti ya chini. Alianza kupikia watu akiwa bado msichana, wazazi wake walipofariki na kumwachia wadogo wawili wa kulea. Mmoja ni Huseni, ambaye sasa ni fundi wa malori. Mwingine alikuwa Ummi, aliyeolewa Kianyaga na kufia huko akiwa na mimba yake ya kwanza.

Mwanabibi hakuwepo Ummi alipokufa. Majirani ndio waliomweleza: alianguka jikoni, akatetemeka, povu likamtoka, akapelekwa zahanati, akadungwa sindano, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekata roho. Katika maelezo hayo yote, Mwanabibi alishika neno moja tu, sindano. Ilikuwa ya nini, hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza. Tangu hapo homa alijitibu kwa tangawizi na limau. Jino lilipomsumbua, alimlazimisha daktari amng'oe bila ganzi.

Kwa hiyo mke wa Huseni, Sumayya, alipopata mimba, Mwanabibi alifurahi na kuogopa kwa pamoja. Sumayya ni mshonaji wa sare za shule. Mwaka huo, mwishoni mwa Aprili, shule zilikuwa karibu kufunguliwa na wazazi walikuwa wanamsukuma. Mimba ilikuwa imepita miezi saba. Kliniki ya mwezi huo hakuenda, kwa sababu ya kazi.

Asubuhi moja ya mvua, Mwanabibi alimpelekea chai kwenye kibanda chake cha kushonea. Alimkuta ameinamia meza, akihangaika kuchomoa dole gumba kwenye mpini wa mkasi. Vidole vilikuwa vimevimba hadi ngozi ikang'aa. Uso nao ulikuwa umejaa.

"Umelala kweli wewe?" Mwanabibi aliuliza.

"Kichwa, wifi. Kinaniuma tangu jana, dawa za maumivu hazisaidii. Na macho yanametameta. Nikiangalia huu uzi naona nyuzi mbili."

Mwanabibi aliupaka mkasi mafuta hadi dole likatoka. Kisha akafunga kibanda. Huseni alikuwa Kerugoya, amelala chini ya lori la mteja lililoharibika njiani, na simu yake haikupokelewa. Jirani mwenye gari aliwapeleka hospitali.

Nesi aliyewapokea aliitwa Wachuka, mwanamke mfupi kutoka upande wa Karatina. Alimpima Sumayya presha, kisha akapima tena mkono wa pili. Mkojo ulipopimwa ulionekana una protini nyingi. Akamwita daktari wa zamu, kijana mmoja jina lake Gicheru.

"Hii ni presha ya mimba, na imefika pabaya," daktari alisema. "Inaweza kuleta kifafa cha mimba saa yoyote. Tutampa dawa ya kushusha presha. Tutampa pia magnesiamu kwa mshipa, kuzuia kifafa. Halafu huyu mtoto azaliwe leo."

"Kwa mshipa ni sindano?" Mwanabibi aliuliza.

"Ndiyo, mama. Sindano, halafu dripu."

"Basi hapana. Mpeni vidonge."

Gicheru alianza kueleza, lakini aliitwa chumba cha pili na ikabidi aende. Sumayya, akiwa amelala kwa ubavu, alimtazama wifi yake. Wachuka aliendelea kuandaa trei huku akimsikiliza Mwanabibi, ambaye maneno yalikuwa yakimtoka kwa haraka: Ummi, Kianyaga, jikoni, zahanati, sindano.

"Siwezi kukudanganya ati najua alidungwa nini," Wachuka alisema. "Sikuwa huko. Lakini niambie kitu moja. Alitetemeka kabla ya sindano ama baada?"

Mwanabibi aliyapitia tena yale maelezo ya majirani. "Kabla," alisema.

"Hiyo ndiyo kifafa tunaogopa hapa. Hii dawa ni ya kuizuia isimpate Sumayya."

"Na hii dawa yako haiwezi kumuua?"

"Ikizidi mwilini inaweza kusimamisha pumzi," Wachuka alijibu bila kuzunguka. "Ndiyo maana hatuwezi kumwekea halafu tuende zetu. Dawa inatoka kwa mkojo, kwa hivyo nitaangalia mkojo. Nitahesabu vile anapumua. Na nitamgonga goti. Mguu ukikataa kuruka, hiyo ni alama ya mapema, kabla pumzi iguswe. Nikiona hivyo nafunga dripu. Kuna dawa ya kuvunja nguvu yake, kalsiamu. Iko hapa kwa trei, uione."

Mwanabibi aliitazama ile chupa ndogo.

"Wifi," Sumayya alisema, "mimi nimekubali. Wacha wani..."

Neno halikuisha. Macho yalimgeukia upande mmoja yakaganda, meno yakashikana, na mwili mzima ukakakamaa, kisha ukaanza kutikisika hadi kitanda kikagonga ukuta. Wachuka alimgeuza vizuri kwa ubavu wa kushoto na kupaza sauti kuita wenzake. Oksijeni ilifika. Gicheru alifika mbio. Dawa ilianza kuingia mshipani, polepole, nesi akiisukuma bila kuondoa macho usoni pa mgonjwa. Mwanabibi alisimama ukutani, leso kaibana mdomoni. Alikuwa anaona kwa macho yake kile alichokuwa amesimuliwa tu.

Mtikisiko ulipungua, ukakoma. Baada ya muda Sumayya alifumbua macho, hajui alipo, akalalamika kwamba anaungua mwili mzima.

"Ni dawa, inaleta joto," Wachuka alisema. "Itapita."

Simu ya Mwanabibi ililia. Alikuwa Huseni.

"Dada, kuna nini?"

"Sumayya ameshikwa na kifafa cha mimba. Njoo hospitali. Usikimbize gari, lakini njoo."

"Umewaruhusu wamdunge?"

"Amekubali mwenyewe," Mwanabibi alisema. Kisha akaongeza, "Na mimi nimekubali."

Presha iliposhuka kidogo, Sumayya alipelekwa thieta akapasuliwa. Mtoto alikuwa msichana, mdogo sana, mwenye kilio kama cha paka. Akapelekwa moja kwa moja kwenye chumba cha joto. Mwanabibi alidhani sasa yameisha, lakini Wachuka alimweleza kwamba kifafa kinaweza kurudi hata baada ya kuzaa, kwa hiyo dripu ingeendelea hadi kesho yake.

Mwanabibi akakaa kando ya kitanda. Kila nesi alipokuja na kinyundo chake cha mpira akagonga chini ya goti, mguu uliruka kidogo, na Mwanabibi akashusha pumzi.

Alasiri, Wachuka aliinama kutazama mfuko wa mkojo. Haukuwa umeongezeka. Akamwita Sumayya kwa jina. Sumayya alijibu, lakini ulimi ulikuwa mzito na kope zilikuwa zinaanguka. Wachuka akagonga goti. Mguu ukalala tu. Akagonga la pili. Kimya.

Papo hapo akafunga dripu.

Mwanabibi alikuwa ameshasimama. "Ndiyo hiyo," alisema. "Ndiyo hiyo uliniambia."

"Ndiyo hiyo. Nimefunga. Kaa karibu na kichwa, umwongeleshe asilale."

Kifua cha Sumayya kilikuwa kinapanda polepole mno. Kilipanda, kikashuka, kikakaa. Hasira ilimpanda Mwanabibi. Angeweza kupiga kelele kwamba alisema, kwamba walimpuuza. Badala yake alishika mabega ya wifi yake na kumwambia habari yoyote iliyomjia: mtoto ana nywele nyingi, Huseni yuko njiani, mvua imekatika. Gicheru alirudi, akaweka oksijeni, akaingiza kalsiamu taratibu mshipani. Mwanabibi aliendelea kuongea.

Kifua kikapanda. Kikapanda tena, mapema kuliko mwanzo. Kope zikafunguka.

"Figo zimechoka kwa sababu ya ugonjwa," daktari alisema baadaye. "Dawa ikakosa pa kutokea. Hatutairudisha mpaka mkojo uje na tupime damu."

Jua lilikuwa linazama Wachuka alipokuja tena na kinyundo. Safari hii mguu uliruka.

"Nani ananipiga?" Sumayya aliuliza.

Huseni, aliyecheleweshwa barabarani, aliingia wakati huo, ovaroli imejaa grisi, akawakuta dada yake na nesi wanacheka na machozi yanawatoka.

Kifafa hakikurudi. Mtoto alikaa wiki kadhaa hospitalini, na siku ambazo Sumayya hakuwa na nguvu, Huseni alimbeba kifuani chini ya sweta, ngozi kwa ngozi, kama alivyoelekezwa. Siku ya kuruhusiwa, aliuliza kama mke wake anaweza kuzaa tena.

"Huyu kwanza," Sumayya alisema kabla ya daktari kujibu.

Gicheru alicheka, kisha akawaambia kwamba inawezekana, ila safari hiyo aanze kliniki mapema, na hata sasa presha ipimwe mpaka itulie. Mwanabibi alimwomba arudie hilo la presha. Alirudia. Ndipo Mwanabibi akamchukua mtoto, akamfunika leso mbili, akatangulia mlangoni.