Ujumbe Ambao Papa Chola Hakuupata

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa mawasiliano, tuliyemwita Chef, alinionyesha kompyuta mbili na redio moja, akaniambia: "Hapa hatupendake bantu ba kusema 'nazani'. Ujumbe imefika, ao haiyafika." Ilikuwa kampuni ya kusafirisha mizigo, hapa Lubumbashi. Vita ilikuwa imeikata nchi vipande, simu zimekufa, nasi tulizungumza na mpaka wa Sakania kwa kompyuta zilizounganishwa na redio. Nilijiona fundi kwelikweli.

Programu ya kutuma ujumbe niliiandika mimi. Sikilizeni vizuri, wanangu. Programu haitumi kitu yenyewe. Inafungua soketi, yaani mdomo wa kuzungumzia na mtandao, kisha inaukabidhi ujumbe kwa kernel, kile kiini kinachoendesha mashine nzima. Kernel ikijibu "sawa", programu yangu iliandika: IMETUMWA. Nami nikisoma hivyo, nilielewa imefika.

Asubuhi moja askari walianza kupora njiani. Mkurugenzi akaagiza malori ya unga yasitoke Sakania. Nikatuma. Mashine ikaandika IMETUMWA. Malori yakatoka hata hivyo, yakaporwa yote, na dereva mmoja akavunjwa mkono.

Papa Chola, wakala wetu wa Sakania, aliitwa mjini. Alisimama mbele ya mkurugenzi, kofia mkononi.

"Patron, mi siyapata kitu. Nilikuwa pa mashini tangu asubui."

Mkurugenzi akanigeukia. "Na weye?"

"Mashini haidanganyake, patron," nikasema, bila hata kumtazama mzee wa watu.

Alifukuzwa siku hiyo hiyo. Yeye, mke na watoto sita wakatoka kwenye nyumba ya kampuni.

Wiki chache baadaye nilikuwa najaribu redio mpya. Soketi ikiwa imekwisha kufunguka, nikachomoa waya, halafu nikatuma, kwa mchezo tu. IMETUMWA. Nikautazama ule waya mkononi mwangu. Kernel ilikuwa imeupokea ujumbe na kuuweka akiba, ikingoja njia. Haikujua njia imekatika, maana upande wa pili haukuaga kwamba unafunga mazungumzo. Ingejaribu tena na tena kwa dakika kadhaa, kisha ingeutupa, na programu yangu imeshajifunga zamani. Ile "sawa" yake ilimaanisha nimeuchukua, basi. Kumbe ndivyo ilivyokuwa hata siku ile ya malori.

Ofisi ya mkurugenzi ilikuwa ghorofa moja tu juu yangu. Sikupanda. Niliogopa kufukuzwa, na zaidi niliona haya. Nikarekebisha kimya kimya: tangu hapo ilibidi Sakania ijibu ndipo mashine iandike IMEFIKA. Chef akanisifu mbele ya wote. "Huyu eko na akili, mumufuate." Nikapelekwa Kilwa, ile yetu ya Kongo, kufungua kituo, kisha nikarudi kuwa mkuu mwenyewe. Mishahara ya cheo hicho ndiyo iliyosomesha watoto wangu.

Nilikuwa nimekwisha kustaafu niliposikia kuna kilio mtaa wa Ruashi, hapa hapa mjini, Papa Chola amefariki. Nikaenda. Binti yake mkubwa alinipokea kwa heshima, akaniletea kiti.

"Papa alisemaka mpaka mwisho: labda ile siku nililala kidogo, labda ni macho yangu. Weye ulikuwa naye pa kazi, papa. Ni kweli alikosa?"

Nilikuwa na mvi kichwa kizima, sina tena bosi wa kumwogopa.

"Ni mambo ya zamani, mama," nikamjibu. Akaniletea bukari, ugali wetu wa huku, na samaki, nikala.