Vyeti Sitini na Tatu kwa Hodi Moja

Njoro kuna mafundi wa kila namna, lakini anayeweza kukaa kwenye stuli yake mjini akaiamrisha kompyuta iliyoko mlimani ni Elifuraha peke yake. Na alisoma miezi minne tu, mwalimu akahamia Arusha; angebaki, sijui leo tungemsalimia kwa cheo gani.

Siku moja kabla ya Krismasi alikuwa na vyeti sitini na tatu vya ubatizo vya kuchapa. Majina yalikuwa kwenye kompyuta ya usharika huko juu. Printa ilikuwa dukani kwake. Mchungaji Wilson, aliyeshuka kununua tairi, alishasema saa sita anapanda, na vyeti au bila vyeti. Bila vyeti, kazi za usharika zingehamia kwa Valerian, ng'ambo ya barabara, ambaye tangu asubuhi alikuwa mlangoni kwake anatafuna muwa na kumtazama.

Elifuraha alikuwa na ujanja wake. Desemba, Wachagga wote wakirudi nyumbani, mtandao wa mlimani hulemewa; kila ukibisha hodi upya unasubiri mpaka uote mvi. Yeye hubisha mara moja. Akishafunguliwa kwa SSH, ile njia ya siri kati ya kompyuta mbili, haifungi: humo humo anapitisha amri, humo humo anavuta mafaili, kwa nywila moja, basi.

Akaingia, akaamuru majina yakusanywe kwenye faili moja. Kabla hajalivuta, njia ikakatika. Akaingia tena, ikakatika tena. Saa nne ikawa saa tano. Akampigia mzee Aikaeli, katibu wa usharika.

"Shikamoo baba. Kuna mtu anachomoa ile boksi ya intaneti?"

"Marahaba. Mtu mmoja? Wageni wa Dar wamejaa ofisini, wanachaji simu. Nikichomeka, nikigeuka, wamechomoa."

"Si uwaambie?"

"Nimesema Kiswahili, nimesema Kichagga. Wananipiga picha."

"Baba, Valerian ananicheka huku."

"Ngoja."

Mzee akatoka uani, akakata jani la isale, lile la kuwekea mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, na kuombea msamaha, akalifunga kwenye plagi. Wale mabosi wa Mbezi wakaja na chaja zao, wakaliona, wakazirudisha mifukoni. Nani avuke isale mchana kweupe, shangazi zake wote wakimwangalia?

Njia ikatulia kama ng'ombe aliyeshiba. Elifuraha akabisha mara moja, akaamuru, akavuta, printa ikaanza kutema vyeti. Mara bibi mmoja akapiga kwa simu ya mzee, akataka mjukuu aitwe Goodness, si Pamela. Elifuraha akarekebisha huko huko mlimani, kwa njia ile ile, akavuta faili upya huku akicheza kwa mabega.

Saa sita kasoro dakika nne, honi. Mchungaji akasaini vyeti juu ya boneti, Elifuraha akipuliza wino ukauke, mpaka saa sita ikampita mwenyewe.

"Yote haya umeyafanyia hapa hapa?"

"Hata chai sijainuka kunywa, mchungaji."

"Basi na vya Pasaka utachapa wewe," akasema, akavitia vyeti kwenye bahasha, akaiweka kiti cha mbele, akaifunga mkanda.