Koti la Mama, Kushoto Juu ya Kulia

Mke mdogo wa baba nilimwonea wivu tangu sijajua kusema neno wivu. Nadhani niliunyonya kwa mama. Mama alikuwa na koti la kufuma la sufu, la kijivu, lenye vifungo vikubwa, na baridi ya asubuhi kwetu Gorong'a siyo ya mchezo. Akilivaa, lazima apite mlangoni kwa mama mdogo, hata kama hana shughuli huko. "Baba yenu alininunulia mimi," alikuwa anatuambia. "Mwenzangu hakupata hata soksi." Alipofariki niligombana na dada zangu mpaka nikalipata mimi. Mama mdogo aliniomba mara mbili nimpe. Nimpe yeye? Thubutu!

Mimi ni karani kwa wakala wa forodha pale Sirari. Miaka yote nilishughulika na mabati na mafuta ya kupikia, nguo walikuwa wanafanya wengine. Mwaka juzi nikapewa mzigo wa makoti ya kufuma wa mama mmoja mwenye duka Tarime mjini, umepitia Kenya. Kila nguo ina namba yake kwenye kitabu cha ushuru, na huipati mpaka ujibu maswali. Imefumwa, au imeshonwa kwa kitambaa? Imefumwa, hilo lilionekana. Ni sufu kweli? Nikachomoa uzi nikauchoma, ukanuka nywele zilizoungua, nikajua ni sufu. Ni la kike au la kiume? Hapo nikaangalia vifungo. Upande wa kulia ulilala juu ya kushoto, kinyume kabisa na koti la mama. Nikaandika: ya kiume.

Afisa forodha akanirudishia karatasi huku anacheka.

"Dada, haya ni ya kike. Kulia juu ya kushoto ni la mwanamke. Kushoto juu ya kulia ni la mwanaume. Nani alikufundisha hivi?"

"Koti la mama yangu."

"Basi mama yako alikuwa anavaa la mzee!"

Waliokuwa kwenye foleni nao wakacheka. Nilirekebisha, mzigo ukapita, lakini mimi nilirudi nyumbani na lile koti kichwani. Kama koti lilikuwa la baba, basi mama hakununuliwa kitu. Na mama mdogo lazima alijua. Miaka yote mama anapita pale kwa maringo, kumbe mwenzake anamcheka kimoyomoyo! Usingizi ulinipaa siku tatu kwa hasira.

Jumamosi nikalivaa lile koti, nikachukua pikipiki mpaka Gorong'a. Nilimkuta mama mdogo uani, anapukuchua mahindi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Macho yake yalikuwa kwenye koti, siyo kwangu.

Sikusubiri hata kiti. "Hili koti lilikuwa la nani?"

"La baba yako. Kwani hukujua?" Aliweka gunzi chini. "Siku niliyoletwa hapa, mama yako alimvua mbele ya wageni, kifungo kimoja kimoja, akalivaa yeye. Ilikuwa inanyesha. Mzee alitetemeka mpaka jioni, na hakusema 'nirudishie'. Hata siku moja hakusema. Mimi nimekaa pale bibi harusi, nikajua nimeolewa na mume wa mtu."

Jamani, nilitaka kupiga vigelegele! Mama alikuwa na kitu kikubwa kuliko koti la kununuliwa, akaona aibu kukisema. Na aliyekuja kuniambia ni huyu huyu niliyemchukia maisha yangu yote.

"Niazime nilijaribu," akasema. "Silichukui. Kidogo tu."

Nikashindwa kumkatalia. Alilivaa taratibu, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, kisha akainua kola akainusa, akafumba macho. Akakaa hivyo. Nilikuwa mdogo sana baba alipokufa, harufu yake siikumbuki. Miaka yote nimenusa kola ile nikapata ya mama tu. Yeye alikuwa anaipata ya baba, nilimwona usoni.

"Mama, pikipiki inanisubiri."

Hakufumbua macho. Nikainama, nikaanza kumvua mwenyewe, kifungo kimoja kimoja.