Mchicha Wenye Matundu wa Regina

Jua la mchana limesimama juu ya soko mjini Morogoro, na Regina Severini anakoroga sufuria. Mchicha wa karanga unatokota kwenye jiko la mkaa nyuma ya meza yake ya mboga, na harufu inazunguka soko bila kumwomba mtu ruhusa.

"Shikamoo mama. Na chakula unauza?" anauliza dada aliyefuata nyanya meza ya jirani.

"Marahaba. Siuzi, ni changu cha mchana. Ila onja."

Dada anaonja. Anaonja tena, eti kuhakikisha. Kisha anauliza mchicha wenyewe uko wapi. Regina anamwonyesha mafungu ya majani yaliyotobolewa na wadudu kama chujio la chai.

"Haya?"

"Hayo hayo uliyokwisha kumeza."

"Kanaswa huyo!" anacheka Witness, muuza nyanya. Dada anachukua mafungu mawili.

Regina, mwenye miaka 54, analima kwenye mteremko wa Towelo, milimani Uluguru. Aliacha kupulizia dawa ya wadudu baada ya kukohoa na kuvimba mikono kila msimu. Mumewe, Gervas, alikubali shingo upande: mboga zikilala sokoni, dawa inarudi shambani.

"Na mpuliziaji ni mimi," anasema Regina. "Yeye hupulizia kwa mdomo."

Basi mboga zikalala. Wateja walitaka majani yaliyonyooka kama yanakwenda harusini. Regina akaandika kwenye boksi, "Mboga za Afya," akalisimamisha mezani. Hapo ndipo alipoharibu kabisa.

"Walinipita mbali! Mmoja akaniuliza, 'Kwani nimekwambia naumwa?' Wengine wakadhani ni za wenye sukari. Ng'ombe wa jirani alinenepa, mimi nikakonda."

Aliyebaki ni Bhanumati, mama wa duka la vitambaa, ambaye nyama haili na mboga anaijua. Yeye aliyachagua majani yenye matundu makusudi.

"Mdudu amekula, hajafa," alimwambia Regina. "Mimi ndiyo nife?"

Lakini mteja mmoja hajazi sufuria ya nyumbani. Siku moja ya manyunyu, njaa ikiuma na meza imejaa, Regina aliwasha mkaa kwa lile boksi la afya, akapika alichokosa kuuza. Watu wakafuata harufu. Tangu hapo hapigi debe; anapika. Siku nzuri hubakiwa na shilingi elfu kumi na mbili, na Gervas haongelei tena dawa.

Limebaki la maji. Mfereji unaomwagilia shamba lake hupita kwanza kwa majirani wawili wa juu, ambao bado wanapulizia, na dawa yao huteremka na maji hadi kwake.

"Nikiwahubiria wataniuliza kama nimekuwa padri," anasema akifunika sufuria. "Jumapili tukitoka misa nawakaribisha kula. Neno dawa silitaji. Wakishiba, wataanza wenyewe kuuliza."