Upande Wangu wa Kitabu

Juzi nilikwenda sokoni Walthamstow, hapa Landani, kununua viatu, nikajikuta nimepinda kona mpaka kwenye nyumba tuliyofikia tulipotoka Unguja baada ya mapinduzi. Nikaikodolea macho mpaka mwenyewe akanichungulia dirishani. Angejua.

Sisi, rafiki yangu, ni Wayahudi. Wazee wetu walitoka Yemeni wakaja Unguja, na nyumbani tulisema Kiswahili kama jirani zetu. Hapo Landani tulishika chumba kimoja, ukoo mzima, na jiko la mafuta ya taa. Ijumaa Bibi alibandika mkate kwenye moto mdogo, ukalala hapo, na asubuhi ya Sabato tukaamshwa na harufu yake, tukala na uwatu uliopigwa mpaka ukatoa povu.

Baba alikuwa fundi saa Unguja; Landani akaosha mabasi. Akirudi, mikono imemvimba kwa baridi, anafungua Taurati. Kitabu kilikuwa kimoja tu, ndicho tulichotoka nacho. Kinalala mezani mbele yake, sisi watoto tunakizunguka: dada ubavuni, maana Bibi alishikilia kwamba msichana naye asome, na mimi ng'ambo, nikimkabili Baba. Kukigeuza ni mwiko.

"Someni," Bibi anasema huku anakoroga chungu. "Duka la Unguja wamechukua. Kilichomo kichwani waje wakichukue, tuone."

Nilipokaribia miaka kumi na tatu, umri wa mvulana wetu kuitwa mbele ya watu asome Taurati, Baba akanipeleka kwenye sinagogi la mtaani. Wenyewe walikuwa Wayahudi wa Ulaya, weupe pe, wakatutazama tulivyo. Mwalimu akaniwekea kitabu mbele yangu. Nikakwama mstari wa kwanza. Upande ule wa kitabu sikuwahi kuukalia maishani mwangu. Herufi zote naziona zimepinduka. Watoto wakacheka. Mmoja akauliza kama kwetu tunasomea juu ya miti.

Mwalimu akamwambia Baba kwa upole, na upole ule ndio uliochoma: "Mzee, labda kwenu limebaki jina la Uyahudi tu."

Baba akachukua koti lake. Nilimjua. Akitoka pale harudi tena, na sisi tungekuwa watu wasio na kwao kwa mara ya pili.

"Kishike wewe," nikamwambia mwalimu. "Kielekee kwako."

Nikasimama ng'ambo ya meza nikasoma ukurasa mzima bila kumeza mate, kwa lahani ya Yemeni. Mwalimu akanisogeza ubavuni mwake. "Na hapa?"

"Hapo ni pa dada yangu. Kamlete."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Mzee, kaa," akamwambia Baba. "Unao wangapi wa namna hii?"

Shule ya Kizungu sikuimaliza. Biashara yangu nimeijenga kwa mikono hii, sikumwinamia mtu, na nguvu hizo nilizipata kwenye meza ile. Leo kila mjukuu wangu ana kitabu chake. Kiswahili wanakisikia, wananijibu Kiingereza. Bibi hayupo, sinagogi limegeuzwa fleti, na wa kusoma kutoka ng'ambo nimebaki peke yangu. Sawa. Lakini Jumamosi ile ya miaka yangu kumi na tatu, nilipoitwa, nilisoma mwenyewe, sikusomewa na msomaji wao kama wengine. Na Baba, ambaye tangu Unguja hakuwahi kupaza sauti mbele za watu, alinijibu kila aya ya Kiebrania kwa tafsiri yake ya Kiarabu cha wazee wetu, kama ilivyo desturi ya Yemeni, kwa sauti ya mtu aliye nyumbani kwake.